Madirisha Wazi ya Drumnaleen

Myrtle Haslett alikuwa ameacha kugawa barua miaka mitatu iliyopita, lakini udadisi wake haukustaafu pamoja naye. Miaka thelathini na moja ya kupita mlango kwa mlango ilimfundisha kuisoma nyumba akiwa nje: nani kaamka, nani kanuniana na mumewe, nani ana mgeni asiyetaka ajulikane. Pale Drumnaleen walimwita Gazeti, tena mbele ya macho yake, naye hakukasirika. Gazeti angalau husomwa.

Basi asubuhi ya siku ya saba tangu mabua ya kitani yalazwe bwawani, Gazeti aliona jambo asilolielewa, na jambo asilolielewa Myrtle lilimkaa kama punje ya mtama kwenye jino.

Alimwona Bi Lavinia Magowan kasimama kwenye geti lake, kule juu kilimani, fimbo mkononi, anatazama bondeni. Hilo peke yake si ajabu. Bi Lavinia alikuwa na miaka themanini na sita, na ndiye mtu pekee aliyebaki kijijini aliyewahi kuloweka kitani kwa mikono yake. Angekuwa anatazama bwawa, Myrtle angepita zake. Lakini bwawa lilikuwa kushoto, nyuma ya ua wa miiba, na Bi Lavinia alikuwa anatazama kulia, kwenye nyumba za watu. Alizitazama moja baada ya moja, midomo ikicheza, kisha akatikisa kichwa akaingia ndani.

"Anahesabu nini yule?" Myrtle aliuliza, ingawa hapakuwa na wa kumjibu ila ng'ombe.

Drumnaleen ni kijiji cha kitani huko Ayalandi. Ndivyo kinavyojigamba kibao cha barabarani. Kibao hakisemi kwamba kinu cha nyuzi kilifungwa kabla Myrtle hajazaliwa, wala kwamba vitambaa vya kufutia vyombo wanavyouziwa wageni dukani, vyenye picha ya ua la buluu la kitani, hutoka nchi za mbali ndani ya makasha. Watu walikuwa wameizoea aibu hiyo. Ukumbini kulikuwa na kitanda cha mfumi wa zamani, kile cha kufumia nguo, kizima kabisa, kinafutwa vumbi kila Jumamosi, na hakijaona uzi wa kwao kwa miaka sitini. Mpaka majira ya baridi yaliyopita, Eunan Gormley, mfugaji mwenye maneno machache kuliko ng'ombe wake, aliposimama ukumbini humo akasema ana kishamba pembeni ya mto na amepata gunia moja la mbegu.

"Mwaka mmoja tu," alisema. "Kikitoka kitambaa, tutaendelea. Kikiharibika, narudisha majani ya ng'ombe, na habari hii tusiizungumze tena."

Kitani kiliota, kikachanua buluu, kijiji kizima kikapiga picha. Mwezi wa nane wote waliinama shambani kuking'oa na mizizi yake, maana kitani hakikatwi. Wakafunga miganda kwa kamba za matete, wakailaza bwawani, wakaikandamiza kwa mawe. Kazi iliyobaki ni ya maji: kulegeza nyuzi ziachane na bua. Na hapo ndipo penye mtihani. Ukikitoa mapema, nyuzi haziachii. Ukichelewa siku moja, nyuzi zenyewe zinaoza, na ulichobaki nacho ni mbolea.

Wa kusema "leo" alikuwa mmoja tu. Bi Lavinia, alipokuwa msichana, alifuatwa shamba kwa shamba kwa ajili ya pua yake. Wengine walivunja bua wakaangalia. Yeye alivuta pumzi mara moja, akasema. Eunan alipomletea karatasi aliyoichapa kwenye kompyuta, yenye picha za namna ya kupima bua, Bi Lavinia aliishukuru sana ile karatasi, akawashia moto.

"Anayevunja bua ni yule asiye na pua," alisema. "Na mkono wa mtu usiingie bwawani kabla sijatamka."

Siku hiyo ya saba aliteremka, Myrtle nyuma yake akijidai anapita tu. Eunan alikuwa ukingoni, macho yanamchuruzika machozi kwa uvundo wa maji. Mbwa wake alikuwa amekaa barabarani, hatua hamsini nyuma, na hakuna mluzi uliomsogeza. Bi Lavinia alisimama juu ya maji yale meusi, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda, kama yuko kanisani.

"Bado."

"Bado?" Eunan alipangusa macho. "Bi Lavinia, siku tatu hizi jua limewaka. Jua, hapa kwetu! Maji yana uvuguvugu kama ya kuogea."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, bibi."

"Tumbo lako linauma? Nenda kwa mkeo akupe chai."

Mkewe Noreen alikuwa mlangoni. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa karibu na bwawa kuliko zote. Bi Lavinia akamgeukia, sauti ikawa laini ghafla. "Noreen mama, unalala na madirisha wazi?"

"Wazi kabisa, Bi Lavinia!" Noreen alijibu, uso wake una rangi ya mboga iliyochemshwa. "Hewa tele! Hatusumbuki hata kidogo."

"Umesikia?" Bi Lavinia alimwambia Eunan. "Bado."

Myrtle alirudi nyumbani na neno hilo. Umesikia? Asikie nini? Dirisha la Noreen lina uhusiano gani na bua lililoko majini? Aliligeuza usiku kucha, kitaulo kimemfunika uso.

Siku ya nane alipata kisingizio. Alioka mkate wa magadi, akaufunga kwenye kitambaa, akapanda kilima saa ya chakula cha mchana. Alikuwa bado hajafika getini alipoisikia harufu ya kuungua. Alikimbia, na Myrtle si mtu wa kukimbia. Akasukuma mlango. Jikoni moshi umetanda, sufuria ya viazi imekauka inatoa cheche, na Bi Lavinia yuko sebuleni hatua nne tu kutoka pale, kageuzia jiko mgongo, anafuma soksi kwa utulivu.

"Karibu, Gazeti. Kuna habari gani?"

"Bi Lavinia, viazi!"

"Viazi vimefanya nini?"

"Vinaungua! Husikii hi—"

Bi Lavinia aliinuka haraka mno kwa umri wake, soksi ikaanguka. "Najua," alisema. "Nimeviacha makusudi. Mimi napenda ukoko."

Myrtle alichungulia sufuriani. Kilichokuwamo si ukoko, ni mkaa. Alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, akakifunga bila kusema kitu. Aliisogeza sufuria, akaweka mkate mezani, akafungua mlango moshi utoke. Hapo ndipo alipokiona kiti. Kiti cha Bi Lavinia kilikuwa kwenye dirisha la pembeni, lile ambalo huwezi kuliona bwawa ukilitumia. Unachokiona ni nyumba ishirini na tatu za Drumnaleen, zimejipanga, kila moja na madirisha yake.

"Zamani mlijuaje, bibi?" Myrtle aliuliza polepole. "Mtu asiyekuwa na pua kama yako. Alijuaje kwamba bwawa limeiva?"

"Kipofu angejua!" Bi Lavinia alifurahi kuulizwa. "Siku bwawa lilipoiva, bonde zima halikubaki dirisha wazi. Mama zetu walifunga pa, pa, pa, huku wakiwatukana waume zao. Waliziba hata tundu la ufunguo. Ukiona vile, unawaita watu."

"Na sasa je?"

Bi Lavinia alitazama nje, upande wa nyumba. Hofu ilimpita usoni, ya mtu aliyepotea njia anayoijua. "Sasa yako wazi," alisema. "Yote. Kwa hiyo bado."

Myrtle aliaga, akateremka kilima bila kuona anapokanyaga. Kumbe! Bibi hakuwa akihesabu nyumba, alihesabu madirisha. Pua imekufa, na hakuna ajuaye, basi anaazima pua za jirani. Ingekuwa hila nzuri sana kama si Drumnaleen. Maana Myrtle alijua kwa nini madirisha yako wazi, hata lake lilikuwa wazi. Watu wa kijiji hiki watauawa na adabu yao siku moja. Ukiwapa chai mbaya, wanaomba kikombe cha pili. Hakuna mkutano uliokaliwa, hakuna tangazo. Kila nyumba kivyake ilijiambia: nikifunga dirisha, Bi Lavinia ataona kutoka kule juu, atadhani tunamsema vibaya yeye na kitani chake. Basi wakalala midomo wazi na mataulo usoni, na asubuhi wakaulizana hali, wakajibiana hewa tele.

Alifika bwawani. Hapakuwa na mtu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akapandisha mkono wa sweta, akauingiza majini mahali palipokatazwa. Akachomoa bua moja. Akalivunja huku, akalivunja na kule, akavuta kile kijiti cha ndani.

Kikatoka chote, kama mguu kwenye soksi iliyolegea. Mkononi mwake zilibaki nyuzi tupu, safi, zinang'aa. Alizikaza: bado zina nguvu. Alizikaza zaidi: moja ikakatika.

Kwa jua lile, kesho jioni zitakuwa mbolea.

Eunan alikuwa zizini, sauti yake inasikika. Ilitosha kumwita. Eunan, mpango umebadilika, bibi hana pua, njoo na watu. Maneno machache tu, na kitani kimepona. Na kabla chai ya saa kumi haijamiminwa, nyumba zote ishirini na tatu zingejua kwamba Bi Lavinia Magowan amekuwa akiwadanganya kila asubuhi kwa macho yaliyofumbwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na ni kweli. Lakini methali haisemi ni nani awe kifo. Myrtle alikumbuka uso ule dirishani, akajionea haya kwa mara zote alizowahi kupeleka habari ya mtu mlangoni pa mwingine kwa sababu tu ilikuwa tamu.

Alilitupa lile bua, akafuta mkono kwenye sketi, akaenda kugonga kwa Noreen.

"Funga madirisha."

"Yapi?" Noreen aliuliza.

"Yote. Ya juu, ya chini, na kile kidirisha cha choo."

"Myrtle, we! Bi Lavinia akiona je? Si atajisikia vibaya?"

"Noreen, unapumua kwa mdomo tangu Jumatatu. Unaongea kama una mafua. Funga."

"Nani kasema?"

"Pua yangu imesema. Na wewe yako inasema, ila umeifundisha adabu mno."

Noreen alisita kidogo, kisha akacheka, cheko la mtu aliyefunguliwa kamba. Pa! Dirisha la kwanza. Myrtle alikuwa tayari kwa jirani. Alijua mlango upi hugongwa mara moja na upi mara tatu, nani ni kiziwi, nani yuko bustanini nyuma. Kwa mwingine alisema nzi wanakuja. Kwa mwingine alisema mvua inakuja, na pale Ayalandi huo si uongo siku yoyote. Wengi hawakutaka hata sababu. Walingoja tu mtu wa kuwa wa kwanza. Pa, pa, pa, ikateremka barabara nzima, mpaka nyumba ya ishirini na tatu, na bonde likanyamaza.

Myrtle alisimama katikati ya njia, anahema, akainua macho kilimani.

Bi Lavinia alikuwa getini. Alisimama kitambo kirefu bila kutikisika, na Myrtle akaogopa kwamba amechelewa. Kisha fimbo ikainuka juu, bibi akaanza kuteremka, na sauti yake ikamtangulia.

"Eunan! Eunan Gormley! Unalala? Leo! Leo, sasa hivi, leta watu!"

Wakatoka wote, wake kwa waume, mabuti ya mpira yanapigapiga. Wakaingia bwawani hadi kiunoni, wakaondoa mawe, wakaanza kuitupa miganda ukingoni, inachuruzika maji meusi. Wanaume wazima walikuwa wakitapika kando na kurudi kazini. Eunan alivunja bua kwa siri, akidhani haonekani, akavuta kijiti kikatoka chote. Akapiga ukelele ambao ng'ombe wake hawakuwahi kuusikia.

"Bibi! Hujakosea hata saa moja!"

Watu wakapiga makofi wakiwa majini humo. Bi Lavinia aliinamisha kichwa kidogo kama malkia. Myrtle alikuwa amesimama ubavuni pake, anatazama mbele.

"Nimekuona," Bi Lavinia alisema, midomo haichezi.

"Umeniona wapi, bibi?"

"Mlango kwa mlango, kama enzi zako za barua. Mimi kutwa natazama madirisha, nisimwone anayeyafunga?"

Kwa ujanja wake wote, Myrtle hakulifikiria hilo.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Wewe? Gazeti?"

"Leo sikuchapishwa."

Bi Lavinia alikohoa, au alicheka. Mganda ulianguka karibu na miguu yao, ukawarushia maji. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Mwaka wa tatu huu. Tangu ule ugonjwa uliofungia watu majumbani. Niliamka siku moja, mkate haunuki. Sabuni hainuki. Nikasema itarudi." Alikaza mkono kwenye fimbo. "Halafu mkaja na kitani chenu, wote macho kwangu, Bi Lavinia, Bi Lavinia. Ningesemaje? Bila pua mimi ni nani hapa? Ajuza wa kilimani anayeunguza viazi. Nikadhani madirisha yatanitosha. Nusura niwaozeshee jasho lenu lote, Myrtle. Naona haya hadi mifupani."

"Yamepita, bibi."

"Hayajapita. Nitamwambia Eunan mwenyewe, kwa mdomo wangu, kitani kikishakauka. Usinitangulie."

"Sitakutangulia."

Kisha bibi akauliza, bila kumtazama, "Inanukaje?"

"Siyo mbaya sana, Bi Lavinia."

"Myrtle. Umetoka kufungisha madirisha ya kijiji kizima. Mimi usinifanyie adabu. Inanukaje?"

Myrtle alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika siku nane akaivuta kwa makusudi, kwa kutaka kujua. Machozi yakamtoka. "Mayai viza," alisema. "Kabichi iliyosahauliwa kwenye ndoo tangu Pasaka. Zizi la nguruwe wakati wa joto. Soksi za mwanafunzi."

"Endelea." Bi Lavinia alikuwa amefumba macho.

"Kitu kilichokufa chini ya sakafu. Matope."

"Na chini yake? Chini ya yote hayo kuna kitu. Vuta tena."

Alivuta tena, hadi kifua kikamuuma. Alingoja mayai yapite, na kabichi ipite, akaitafuta kama anavyotafuta jina la mtu. "Kuna utamu," alisema kwa mshangao. "Mdogo sana. Kama... kama tofaa lililolala siku nyingi mfukoni mwa koti."

Bi Lavinia alimshika mkono, akaubana.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Baba alipokuwa akitoka bwawani, mama hakumruhusu kuingia ndani siku tatu. Alilala zizini. Mimi ndiye niliyempelekea chai, na akinikumbatia ananuka hivyo hivyo. Wote walimkimbia ila mimi." Machozi yalimtiririka wazi mbele za watu, na walio majini wakaambiana kwamba hata Bi Lavinia leo bwawa limemshinda. "Sina picha yake hata moja, Myrtle. Nilikuwa na hiyo tu, nikaipoteza."

Eunan alipiga kelele kwamba imebaki miganda kumi.

"Vuta tena," bibi alisema. "Taratibu. Uniambie."

Myrtle akavuta tena.